Priscilla Kadzo Mwaro, Aliyeziamsha Chembe za Damu

Zamani Marafa kidonda kilioshwa kwa maji ya chumvi na mwili ukaachwa upigane, lakini leo hata mafua humezewa vidonge, mpaka vijidudu vimevizoea na vinatucheka. Priscilla Kadzo aliliona hilo mapema.

Alizaliwa Marafa tarehe 14 Agosti 1983, mtoto wa pili wa Mzee Mwaro Jefwa na marehemu Gladys Sidi. Alisoma kijijini, akaendelea Malindi, kisha chuo kikuu Nairobi. Alirudi na shahada mbili na bado akiwaamkia wazee, jambo linalowashinda wasomi wa siku hizi.

Tarehe 8 Desemba 2012 aliolewa na Peterson Ochola, mwalimu wa Mariakani, ambaye alionja pombe ya mnazi ya mahari, akakunja uso, akaongezewa kata nyingine.

Tangu 2010 alifanya kazi katika maabara ya utafiti mjini Kilifi. Alichunguza peptidi, vipande vifupi vya protini ambavyo huziamsha chembe za mwili ziitwazo makrofaji, nazo huvimeza vijidudu na kuviua. Kuzikuza chembe hizo kulihitaji damu ya watu.

Mwaka 2019 aliiomba kwao. Marafa ikakataa. Kwa mila, damu ikitoka hufukiwa, haipakiwi garini.

"Binti Mwaro amekuwa mnyonya damu," alisema jirani yao Kombe.

Baba yake naye alikataa, tena kwa ukali. Priscilla hakubishana. "Baba, njoo uone inakokwenda, kisha unitukane ukiwa na hakika."

Mzee akaenda, akatolewa damu, akarudi wiki iliyofuata kutazama kwa hadubini. Chembe zilizotiwa peptidi zilikuwa zimeshiba vijidudu. Zisizotiwa zilikuwa zimemeza vichache tu.

"Hizi za nani?"

"Zako, baba."

"Kumbe mimi mlafi hivi!"

Maabara nzima ilicheka.

Mwaka 2023 figo za Priscilla zilianza kushindwa. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, 6 Februari 2025. Ameacha mume, mabinti Viola na Abigael, baba, na kaka yake Kitsao. Mola ampe pumziko la amani.

Baba yake alimwona mara ya mwisho Jumanne ya wiki ile, wodini. Asubuhi hiyo wenzake Priscilla wa maabara walikuwa wamekwenda Marafa.

"Baba, watu walikuja kutoa damu?"

"Foleni ilifika barabarani. Sindano zikaisha, wengine wakaambiwa warudi kesho."

"Wakasemaje?"

"Wamenuna."

Priscilla alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.