Muhuri Uliogongwa Marehemu Akiwa Hospitalini

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1954, kifungua mimba wa seremala na mshonaji. Alimaliza chuo cha ufundi mwaka 1971 akiwa wa pili darasani. Wa kwanza, alikuwa akisema, alijua hesabu lakini tupa ya kusugulia chuma hakujua kuishika.

Tarehe 7 Februari 1972 aliajiriwa na kiwanda cha bunduki za kuwindia na za shabaha. Kazi yake ilikuwa kulaza chuma kwenye kitako cha mbao. Alikipaka chuma masizi ya mshumaa, akakibana kwenye mbao, akakitoa. Palipoingia weusi alipakwangua, akarudia mpaka kikakaa sawasawa. Ndipo wenzake wakamwita Masizi. Alimwoa mama yetu tarehe 19 Juni 1976, na mpiga picha akamsihi afiche kucha zake. Alikataa katakata.

Mwaka 1985 alifanywa mkaguzi, akapewa muhuri wake wa chuma. Kila bunduki aliyoiridhia iligongwa alama yake na tarehe chini ya mtutu. Wawindaji waliitafuta alama hiyo kabla ya kununua.

Hakuwa mtu wa kusifu kila cha zamani. Siku moja aliweka mezani bunduki mbili tupu, ya 1975 na ya 2008, akatufumba macho sisi wanawe na kutuambia tuvute komeo la kuingizia risasi. Ya zamani iliteleza, mpya ikakwaruza. "Lakini mtutu mpya unalenga vizuri zaidi," akasema. "Hapo mashine imenishinda, nakubali."

Kilichomkosesha raha ni kile kipande kinachozuia bunduki isifyatuke yenyewe. Zamani kilichongwa kwenye chuma kizima; sasa kilikuwa bati la kukunjwa. Mwezi Aprili 2012 alikataa kugonga muhuri kwenye bunduki arobaini, na wakubwa wakamnunia.

Kuanzia tarehe 6 hadi 28 Mei mwaka huo alilazwa, akafanyiwa upasuaji wa figo. Ufunguo wa sanduku lake la zana, lenye ule muhuri, alimwachia mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimwingiza kiwandani na kumfundisha kazi. Desemba alistaafu.

Agosti 2013 mwindaji mmoja alifika nyumbani kwetu akitukana tangu getini. Bunduki yake ilifyatuka alipoiegemeza tu ukutani, na risasi ikamkosa mkewe kwa kiganja kimoja. Baba aliifungua. Alama ilikuwa yake, tarehe ni 17 Mei 2012. Siku hiyo hakuweza hata kugeuka kitandani.

Alimwita mdogo wake, nasi tulikuwepo.

"Kaka, waliniambia nigonge au niende nyumbani."

"Si ungekuja hapa? Chakula kingekosekana?"

Baba alitoka akakaa uani peke yake mpaka mama alipomfuata.

Kwa miaka sita aliandikia kiwanda barua, akitaka zile arobaini zitafutwe zirudishwe. Walimjibu mara moja tu, kwa kumtumia kalenda. Zilirudi kumi na moja tu, nazo ni kwa sababu aliwatafuta wenye bunduki mmoja mmoja, akiwaomba radhi kwa kosa lisilo lake. Leo kiwanda kimeleta shada lenye maneno "fundi wetu mwaminifu". Tumeliweka nje.

Mapafu yalianza kumsumbua Januari 2019. Alifariki nyumbani tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mama.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na mdogo wake mmoja. Huyu wa mwisho tulikuwa tumemwacha nje ya orodha hii. Wiki moja kabla ya kufa, baba aliomba asomewe rasimu ya wasifu huu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwandikeni na yeye. Nilimfundisha mimi."

Tumemwandika. Baba yetu alale salama. Sisi bado hatujapoa.