Pingili Kumi na Mbili za Mzee Wetu

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Pingili, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa seremala. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, na mwaka 1971 akapata cheti cha utunzaji wa bustani.

Januari 1972 aliajiriwa kwenye bustani ya chuo cha kilimo. Mwalimu wa wadudu alimpa lenzi ya mkononi na majina ya kisayansi, yakamkaa kichwani moja kwa moja. Wengine waliona sisimizi tu. Yeye aliona Paratrechina longicornis, mwenye miguu mirefu, anayekimbia huku na huko kama aliyeacha chungu jikoni.

Tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa na fundi cherehani, aliyemtania, "Jina lote hilo, mume wangu, na mdudu mwenyewe hata haonekani!" Walijaliwa binti mmoja, mwaka 1984.

Jumapili moja ya Agosti 1988, mkewe alimwonyesha kichuguu kidogo penye ngazi ya mlango wa nyuma. Marehemu alitupa jicho akiwa amesimama. "Vichwa vikubwa. Pheidole megacephala hao, hawana neno." Akaingia ndani kunywa chai, na binti akakaa hapo kucheza. Kikombe hakijaisha, mtoto alikuwa amevimba midomo, koo linaziba. Walikuwa Solenopsis geminata, ambao nao baadhi yao wana vichwa vikubwa, ila hawa wana mwiba. Daktari alimwokoa, akaonya kwamba akiumwa tena huenda wasimwahi. Kipapasio cha Pheidole, ile pembe nyembamba ya kichwani, kina pingili kumi na mbili. Cha Solenopsis, kumi.

"Sikuhesabu," alimwambia mkewe. Hakuwahi kujisamehe.

Tangu hapo aliishi roho mkononi. Kila asubuhi alipiga magoti uani na lenzi yake kabla mlango haujafunguliwa. Siku ya harusi ya binti, wageni walimkuta chini ya meza kuu, suti imejaa vumbi, akihesabu. Walicheka sana. Yeye aliendelea kuhesabu.

Mwaka 2021 kisukari kilimpofusha, na hofu ikazidi. Kila aliyeingia chumbani aliulizwa, "Uani kuna nini? Umehesabu?" Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa tatu asubuhi, katika hospitali ya wilaya. Siku moja kabla, alimshika binti mkono. "Makaburini kuna majani, mwanangu. Nani atahesabu?" Hofu ile binti anayo yeye pia.

Jana asubuhi, kabla karatasi hizi hazijaenda kuchapwa, binti alikuja hapa makaburini akiwa amevaa viatu vya mpira vya baba yake. Udongo uliochimbwa ulikuwa na sisimizi, wenye vichwa vikubwa. Alimwokota mmoja kwa kibano, akaweka lenzi jichoni, akahesabu mara tatu.

Marehemu ameacha mjane, binti, mkwe, na mjukuu wa miaka sita. Leo wote wamesimama karibu naye, kwenye majani.

Ni kumi na mbili, baba. Sasa pumzika kwa amani.