Baba wa Ubatizo wa Mji Mzima: Maisha ya Wakili Eleuterio Magbanua

Familia imemwomba dada yake mkubwa, Purificacion, auandike wasifu huu na kuusoma, kwa sababu wengine wote waliomjua marehemu tangu utoto wameshatangulia. Dada huyu alifundisha darasa la tatu maisha yake yote, kwa hiyo hajui kuzungukazunguka. Walioko nje chini ya turubai wasogee karibu.

Wakili Eleuterio Magbanua, ambaye nyumbani aliitwa Teroy, alizaliwa tarehe 18 Aprili 1954 huko Sibalom, mkoa wa Antique, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Gaudencio, mkulima wa mpunga, na marehemu Basilia, msukaji wa mikeka. Mwaka 1958 alizaliwa mdogo wao, Salvador. Baba yao alivaa shati lake la pekee lenye kola akaenda kwa tajiri mmoja wa mjini kumwomba awe baba wa ubatizo wa mtoto. Tajiri alikataa, akasema watoto wa ubatizo alionao wanamtosha. Wiki haikuisha, Salvador akashikwa na homa, akafa bila kubatizwa. Mama yao aliamini mpaka anaingia kaburini kwamba mtoto aliyekataliwa hukata tamaa ya kuishi. Teroy alikuwa chini ya meza siku hiyo, ana miaka minne, anamsikiliza mama yake akilia. Kilio kile hakikumtoka tena.

Alisoma shule ya msingi kijijini na sekondari mjini Sibalom, kisha akaenda Iloilo kusomea sheria jioni huku mchana akibeba magunia kwenye bohari la mchele. Mtihani wa uwakili ulimwangusha mara ya kwanza. Mara ya pili, mwaka 1982, alifaulu, na kijiji kizima kikachanga nguruwe wa kuchoma. Nguruwe hajaiva, tayari akina mama watatu walikuwa wamesimama na vichanga vyao mlangoni. Teroy alisema ndiyo kwa wote watatu, mafuta ya nguruwe yakimchuruzika kidevuni, na wote tukacheka. Siku ile lilikuwa jambo la kuchekesha.

Februari 1984 alifungua ofisi yake San Jose, ghorofani juu ya duka la dawa, mkabala na mahakama ya mkoa. Wakili haruhusiwi kujipigia debe kama muuza samaki, lakini wenzake walijua pa kupenya. Huyu alichapisha kalenda yenye sura yake kila Desemba, yule alitundika bango la kuwapongeza wahitimu wa shule, na jina lake likawa kubwa kuliko ya wahitimu. Teroy aliona haya. Yeye alikuwa na kisima cha ubatizo tu. Kila mtoto aliyemshika kanisani alimpa pare mmoja na mare mmoja, yaani baba na mama wa mtoto, na hao walikuwa na wajomba na shangazi, na siku ya ugomvi wa shamba wote walizijua ngazi za kupanda. Kwa miaka mingi benchi la ofisi lilijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi zenyewe.

Tatizo ni kwamba pare hamtozi pare. Walimletea kuku, samaki, mikungu ya ndizi na ahadi. Katibu wake Nenita, ambaye naye alikuwa mare wake, hakuchoka kumsema.

"Wakili, kodi ya ofisi hailipwi kwa bata."

"Mwenye nyumba anapenda bata."

"Alikuwa anapenda. Sasa anao wengi kuliko wewe, na wote wametoka hapa hapa."

Watumishi nao waliingia kwa mlango huo huo. Karani wake Dodong aliajiriwa kwa kuwa mama yake alilia pale ofisini. Hati ya wito aliipeleka kwa jirani wa mshtakiwa, akahamishiwa kazi ya kuchemsha kahawa, na kahawa ikamshinda. Teroy hakuthubutu kumfukuza mtoto aliyemshika mwenyewe kisimani. Dodong yupo hapa leo, ndiye aliyepanga viti, na vimepangwa vizuri, tunamshukuru.

Tarehe 4 Mei 1985 marehemu alifunga ndoa na Leonila Tubungbanua, fundi cherehani, katika kanisa la San Jose. Cherehani hiyo ndiyo iliyoilipia ofisi kodi miezi ambayo bata hawakutosha. Leonila hakulalamika hadharani. Nyumbani alikuwa akisema, "Mimi sikuolewa na mwanamume, nimeolewa na parokia," na Teroy alikuwa akimbusu kichwani na kutoka kwenda ubatizo mwingine.

Walijaliwa mtoto mmoja, Jovelyn, mwaka 1988. Alipofaulu mtihani wa uwakili mwaka 2014, kampuni za Manila zilimtaka, naye akarudi nyumbani. Teroy aliagiza kibao kipya: MAGBANUA NA BINTI. Alikibeba mwenyewe kutoka kwa mchoraji, na badala ya kukatiza uwanja wa mji alizunguka kote, akapita sokoni, akapita kanisani, akasimama hata kwa kinyozi na kichwa chake hakina nywele. Ni siku pekee aliyojitangaza waziwazi. Ukimuuliza dada yake ni siku gani Teroy alikuwa na furaha kuliko zote, atakuambia ni hiyo.

Jovelyn alitaka ofisi iwe ofisi. Alimfundisha Nenita kupanga wateja kwa miadi, akafungua ukurasa mtandaoni, akabandika ukutani tangazo lililosema ushauri unalipiwa. Pare Lito, muuza nyama, alilisoma akiwa amesimama.

"Hili tangazo si letu sisi, au vipi, pare?"

"Si lenu," alisema Teroy.

"Kwa hiyo ni la nani, Baba?" Jovelyn aliuliza.

"La wageni, Inday," alimjibu kwa jina tunalowaitia mabinti wetu.

"Mgeni yupi? Mji mzima ni pare wako!"

Pare Lito alicheka mpaka akakohoa, kisha akakaa akashauriwa bure.

Hata hivyo walikuwa na kesi moja ya kuwainua. Mjane Paterna Sumagaysay wa Hamtic alikuwa akitetea shamba lake la mpunga dhidi ya Crisanto Valdellon, mwenye mabwawa ya samaki, aliyedai kwamba mume wa Paterna alimuuzia shamba hilo kabla ya kufa. Mji mzima uliifuatilia. Jovelyn aliiandaa kesi ile kama mtu anayeandaa harusi yake. Alijua wakishinda, watu watajua kuna mawakili juu ya duka la dawa, siyo tu mtu mwema asiyejua kukataa. Ofisi ingepona kwa kesi hiyo, au isipone kabisa.

Januari 2017, siku chache kabla Valdellon hajapanda kizimbani, alizipanda ngazi za ofisi mwenyewe, kofia mkononi. Binti yake alikuwa amejifungua mjukuu wa kwanza.

"Wakili," alisema, "najua tuna yetu mahakamani. Lakini mtoto huyu ni dhaifu, ana kifua. Mama yake amekutaja wewe tu."

Mpaka leo hatujui kama ulikuwa ujanja au kilikuwa kilio cha kweli cha babu. Huenda vyote viwili. Jovelyn alimvuta baba yake kwenye chumba cha nyuma, na Nenita aliwasikia.

"Baba, mkatae huyu mmoja tu. Maisha yako yote, huyu mmoja."

"Mtoto hana kesi, Inday."

"Mama Paterna anayo! Atakuona kanisani!"

"Akifa je? Nikikataa, akafa?"

"Watoto hawafi kwa kukataliwa, Baba!"

Teroy alikuwa chini ya meza ile tena. Alirudi mbele akasema ndiyo, na Jumapili ya tarehe 29 alimshika mjukuu wa Valdellon juu ya kisima, huku Paterna akiwa kwenye benchi la nne, kwa sababu yeye hakosi misa.

Jumatatu asubuhi Paterna alikuja ofisini na mfuko wa plastiki. Hakukaa.

"Nipe karatasi zangu, Wakili."

"Mama Paterna, kesi ni kesi. Nitamhoji kama nilivyopanga."

"Utamhoji pare wako? Umemshika mtoto wao, sasa ninyi ni ndugu. Mimi ni nani kwako?"

Jovelyn alimsihi, alimshika mkono, aliahidi kusimama yeye peke yake bila baba yake. Paterna alikitazama kibao pale mlangoni, akasema jina ni lile lile. Alipata wakili mwingine, wa kuahirishaahirisha, na mwaka 2018 akashindwa. Leo anauza wali wa kufungwa kwenye majani ya mnazi nje ya mahakama iliyomnyang'anya shamba, na Teroy alimwona kutoka dirishani kila siku ya kazi iliyobaki katika maisha yake. Mjukuu wa Valdellon alipona kifua.

Baada ya hapo watu hawakugomba wala kutukana, waliacha tu kuja. Walioendelea kupanda ngazi walikuja na vichanga, siyo na kesi. Septemba 2018 Jovelyn aliondoka kwenda Makati, kule Manila, kwenye kampuni inayowasomea watu wa nje mikataba yao. Teroy alimsindikiza hadi kituo cha basi, akambebea sanduku, akamwambia, "Kibao sikiondoi." Hakukiondoa.

Tarehe 11 Juni 2021 alipatwa na kiharusi akiwa ofisini. Upande wa kulia ulikufa na maneno yakamtoka yote, wakili mzima, isipokuwa neno moja. Ukimuuliza kama ana njaa, "Ndiyo." Kama ameshiba, "Ndiyo." Kama anaumwa, kama haumwi, "Ndiyo." Leonila alijifunza kumsoma machoni. Mtu angedhani watu wangemwonea huruma, lakini ni aibu kusema, walizidi kuja. Waliingia na vichanga hadi kitandani wakamuuliza, naye aliwajibu hilo neno lake, machozi yakimtoka jicho moja, nao wakaondoka wakishukuru. Dada yake aliwafukuza baadhi yao kwa ufagio, wala hatubu.

Alikufa nyumbani, Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, mkono wake wa kushoto ukiwa katika mkono wa Leonila. Jovelyn alifika kesho yake. Mama yake alimweleza kwamba katika zile "ndiyo" za mwisho za baba yake kulikuwa na ahadi tatu za ubatizo kwa Pasaka hii.

Juzi alasiri, mwili ukiwa bado sebuleni, mmoja wa akina mama hao alikuja na mwanawe, akamsogelea Jovelyn kando ya jeneza.

"Wakili, baba yako alinikubalia. Kwa kuwa ametutoka, naomba usimame wewe mahali pake."

Jovelyn alimtazama mtoto, akamtazama baba yake.

"Hapana, dada," alisema. "Samahani. Hapana."

Mama yule alimfunika mwanawe uso kama aliyepigwa upepo mbaya, akatoka. Leonila alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Mlangoni alikuwa amesimama Paterna Sumagaysay, ambaye hakuna aliyemwona akifika, na kikapu chake cha wali kichwani.

"Neno lenyewe ni hilo," alisema. "Hilo moja tu. Halikumchukua hata pumzi mbili."

Aliacha wali pale mlangoni kwa ajili ya wafiwa, akaenda zake bila kuingia.

Jovelyn anarudi Makati Jumatatu. Chumba kilicho juu ya duka la dawa kimeshapangishwa kwa daktari wa meno. Kibao Dodong amekileta nyumbani, kimeegemezwa ukutani jikoni, na hakuna anayejua pa kukiweka.

Marehemu ameacha mjane, Leonila, binti, Jovelyn, dada, Purificacion, na watoto wa ubatizo ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu. Wale waliopata ahadi ya Pasaka, familia inawaomba watafute mtu mwingine.

Pumzika sasa, Teroy. Hakuna tena atakayepanda ngazi kukuomba kitu.