Nilijifungulia Ghalani, Ibada Ikiendelea

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu! Wazee wetu, shikamooni. Mimi ni Mama Tumaini. Vijana wengi hapa mnadhani usharika wetu ulianzia Ruhuwiko, kwenye jengo hili zuri. Hapana. Ulianzia mtaa wa Majengo, ndani ya ghala la mahindi.

Tulikuwa Walutheri wachache, wengi wetu wageni kutoka Njombe na Makete. Tulihamahama kwenye sebule za watu mpaka tukachoka, ndipo Mzee Saidi, mfanyabiashara Mwislamu wa Tunduru, akatukodisha ghala lake likiwa tupu. Msimu wa mavuno ulipokaribia akatuambia kwa upole kwamba analihitaji. Hatukuwa na pa kwenda. Baadhi yetu walishaanza kusema tuvunje usharika, kila mtu asali anapoona panamfaa.

Mimi nilikuwa na mimba kubwa, na hofu kubwa kuliko mimba yenyewe. Nilishazika watoto wawili waliozaliwa bila pumzi. Huyu wa tatu sikuwa nimemnunulia hata nepi.

Jumapili iliyopangwa kuwa yetu ya mwisho pale ilinyesha mvua kubwa. Katikati ya ibada uchungu ukanishika. Mume wangu alikimbia kutafuta gari, lakini mtoto hakusubiri. Mama Haule, muuguzi mstaafu, akaagiza wanaume watoke. Akina mama wakafungua vitenge vyao vya juu wakanizungushia. Mwinjilisti wetu akaendelea na ibada huko nje barazani, wanaume wakiimba huku wamelowa. Nikamwambia Mama Haule kwamba huyu naye atakufa. Akanishika uso.

"Mwanangu, huyu anacheza. Sukuma."

Ndugu zangu, alilia! Alilia mpaka wale wa nje wakakatiza wimbo.

Kesho yake Mzee Saidi alikuja kuchukua ufunguo, tukamsimulia. Akasema, "Mahali Mwenyezi Mungu ameleta mtoto, mimi siwezi kupanga magunia. Salini hapo mpaka mjenge kwenu."

Mahindi yake akayatafutia ghala jingine. Na wale waliotaka tuvunje usharika ndio waliotangulia kusomba mawe ya msingi huu.

Mwezi ujao Tumaini, mtoto yule yule wa ghalani, anafunga ndoa mbele ya madhabahu hii, na Mzee Saidi ameniambia atakuja na wajukuu zake. Moyo wangu umetulia, namshukuru Mungu. Kama umekuja leo na hofu ambayo hujamwambia mtu, usirudi nayo nyumbani. Mwamini Yesu, kisha njoo ukae nasi akina mama. Hutakuwa peke yako.