Mkaguzi Amepita kwa Mervyn

Benchi la mbele ya duka la mikate, pale Kambah, Canberra, Australia, lina wenyewe. Ukilikalia mgeni utatazamwa mpaka uhame. Asubuhi hii ya Julai, nyasi zikiwa zimeganda kwa baridi, walikuwepo watatu na kahawa zao. Zlatko, aitwaye Zege kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Noeline, Mama Mnada, asiyekosa mnada wa nyumba hata mmoja na hajawahi kunyoosha mkono kununua. Na Mervyn, ambaye kijiweni huitwa Kesho, kwani kila kilichovunjika kwake atakitengeneza kesho. Leo mkutano ulikuwa wake. Anauza nyumba ahamie Perth kwa binti yake, Tracey, na sheria ya pale hairuhusu nyumba itangazwe kabla mkaguzi hajaipekua na kuandika ubovu wake wote. Ameshapekua, na ripoti ilikuwa mapajani.

— Hebu rudia pale kwenye baraza, alisema Zege.

— "Baraza la mbao la nyuma halina kibali. Nguzo mbili zimeoza. Haishauriwi watu wengi kusimama juu yake."

— Haishauriwi! Si tumelichezea dansi Krismasi zote?

— Ndiyo maana limeoza, alisema Noeline. Mlilijenga wenyewe, bia nyingi kuliko misumari.

— Na kibali tulikuwa nacho! Mervyn, si tulimwomba marehemu mkeo Joy, akasema sawa?

Mervyn alicheka kidogo. Joy alisema sawa, kisha akakataa kulikanyaga mwezi mzima.

— Mimi naiunga mkono hii sheria, alisema Noeline. Hapo Queanbeyan, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, kila mnunuzi anajitafutia mkaguzi wake. Dari moja, wanapanda wakaguzi sita!

— Lakini huyu wetu kaitwa na muuzaji, Mama Mnada. Atamsema vibaya aliyemwita?

— Kanisifia wapi? alisema Mervyn. Kaandika mpaka bomba la jikoni linalolia.

— Basi huyo anatembea na mchwa kwenye kopo. Anawaachia, kisha anawaandika.

— Acha zako, Zege! alisema Noeline. Mchwa wa nini, na wale kasuku weupe, kakatua, wapo? Fremu zangu zote za dirisha wamezitafuna. Mimi nasema wakaguzi wanawalisha alizeti.

— Kakatua wameajiriwa?

— Tena wana likizo.

— Haya, sheria imkague na mnunuzi basi. Akikoroma, majirani tuandikiwe!

Mervyn aliendelea kusoma, nyufa za bafuni, bati lililolegea, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Moyoni alifurahi. Kila ubovu ulimpa tumaini kwamba hakuna atakayenunua, naye atampigia Tracey simu: mwanangu, imeshindikana. Hakutaka kwenda Perth, na hakuwa amemwambia mtu.

Dada mmoja alitoka dukani na pai ya nyama mkononi.

— Samahanini wazee wangu. Nyumba yenye baraza bovu ni upande huu? Dalali anaifungua saa nne watu waione.

— Ndiyo yenyewe, alisema Noeline. Na mwenyewe huyu hapa.

— Oh! Shikamoo mzee. Ripoti aliyoitoa dalali nimeisoma yote. Baraza nitalijenga upya, bati nitapigilia, hayo hayanitishi. Jambo moja tu halikuandikwa.

— Uliza, mwanangu, alisema Mervyn.

— Kwa nini unaihama?

Zege alichungulia kikombe chake. Noeline akaanza kupangusa makombo ambayo hayakuwepo. Mervyn alitaka kutaja magoti, ngazi, baridi. Akakumbuka Tracey alivyomwambia kwenye simu, njoo ukae nasi, baba, na yeye akajibu tutaongea kesho, na Tracey akalia kwa furaha akidhani amekubali.

— Mzee?

— Nitakujibu... alianza Mervyn. Safari hii hakumalizia na "kesho"; aliikunja ripoti, akaiweka kando.

Zege alisogea taratibu, akampa yule dada nafasi ya kukaa benchini.