Dakika Saba Kabla ya Dirisha Kufunguliwa

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, msimamizi wa masijala ya hospitali yetu atakabidhi funguo na kustaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu hiyo nimeihakiki mara tatu katika jalada lake la utumishi, kwa sababu yeye mwenyewe ataisoma, na hajawahi kuacha kosa lipite bila kulizungushia penseli. Ana jina lake kamili, lakini hapa hospitalini, kuanzia kwa mganga mkuu hadi kwa mfagiaji, anaitwa Mama Asante.

Alianza kazi kama mpigachapa katika ofisi ya katibu wa hospitali. Katika mwaka wake wa tatu aliazimwa masijala kwa wiki mbili, kushika nafasi ya mtu aliyekwenda likizo. Mwenye likizo hakurudi, na wiki mbili zikawa miaka thelathini na moja. Katika muda huo amehamisha majalada yote mara mbili: mara moja kwa sababu ya jengo jipya, na mara moja kwa sababu ya paa la jengo hilohilo jipya. Ndiye aliyeanzisha kibandiko chekundu kinachowekwa juu ya jalada la mgonjwa anayedhurika na dawa fulani, ili daktari au muuguzi aione hatari kabla hajafungua ukurasa hata mmoja.

Kompyuta zilipoletwa alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Alijifunza kwa mwezi mmoja, na hadi leo huiamkia shikamoo kila anapoiwasha, kwa maelezo kwamba imesoma kuliko yeye. Yupo pia daktari bingwa wa upasuaji, ambaye sitamtaja, anayeshuka ngazi mara kwa mara kumletea karatasi alizoziandika mwenyewe ili amsomee.

Lakini anayemjua Mama Asante anamjua kwa asubuhi zake. Dirisha la masijala hufunguliwa saa moja na nusu. Inapobaki dakika saba, yeye husimama kati ya rafu ya tatu na ya nne, hufumba macho na kumshukuru Mungu kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mtu aliyeketi naye chumba kimoja. Hakuna anayelazimishwa. Wengine husali pamoja naye, wengine huendelea kupanga kadi taratibu. Dereva wa gari la wagonjwa, tunayemwita Kobe kwa sababu ya mwendo wake barabarani, ni Mwislamu. Yeye husimama mlangoni akiitikia Alhamdulillahi panapostahili, kisha humkumbusha Mama kwamba Mola ameshasikia na foleni imeshafika getini.

Kanuni yake ni moja tu: hashukuru kwa jumla. Husema asante ya jumla ni kama jalada lisilo na namba. Lipo, lakini nani atalipata? Hutaja jambo la jana na mtu aliyelitenda. Atashukuru kwa ajili ya mfagiaji aliyeziba ufa uliokuwa ukiingiza mchwa, au kwa muuguzi aliyerudisha majalada sita siku ileile, jambo ambalo Kobe aliwahi kuuliza kama si miujiza ya kutangazwa kanisani.

Kanuni hiyo aliipata katika wodi ya watoto ya hospitali hii. Kitindamimba wake alizaliwa kabla ya wakati, akalazwa siku kumi na tisa. Mama alikuwa akitoka wodini asubuhi kuja kazini huku hajui jioni atamkuta mtoto katika hali gani. Anasema hakuwa na nguvu ya kushukuru kwa mambo makubwa, kwa hiyo akawa anamshukuru Bwana kwa lile dogo aliloliona: leo amemeza kijiko kimoja, leo ameshika kidole. Mtoto huyo sasa ni mwalimu, na anaongea kwa wote waliokaa kimya katika ukoo wao.

Lipo jambo moja ambalo nimeliandika na kulifuta mara nyingi. Mama ameniruhusu nilieleze, kwa sharti nisilipambe.

Nilikuwa na miezi minne kazini, bado katika kipindi cha majaribio, na barua ya kuthibitishwa nilikuwa naiota hata mchana. Nilipewa majalada arobaini yaliyochakaa niyahamishie karatasi zake katika majalada mapya. Nilimaliza kwa siku moja, nikasifiwa. Jioni, nilipokuwa nabeba majalada ya zamani kwenda kuyatupa, nikaona rangi nyekundu. Nilikuwa nimehamisha kila karatasi na kuacha vibandiko vyote. Vilikuwa saba.

Sikumwambia mtu. Niliamua nitawahi asubuhi, nivibandike upya, na mambo yaishe. Niliwahi kweli, kabla hata ya mlinzi wa mchana kupokea zamu. Sita nikavibandika. Jalada la saba halikuwa kwenye rafu. Lilikuwa limekwenda wodini na mwenyewe, fundi seremala mzee aliyekuwa afanyiwe upasuaji saa tatu. Nikawa najiambia kwamba wauguzi watamuuliza, kwamba mzee atasema mwenyewe. Kibandiko chake kilikuwa mfukoni mwangu. Huku nikiwaza hivyo, wenzangu wakaingia, na Mama akasimama mahali pake.

Akaanza kushukuru. Akashukuru kwa majalada arobaini. Akaitaja mikono yangu, akaeleza nilivyonyoosha kila karatasi iliyokunjika pembe, na akamwomba Mungu aibariki.

Ningefokewa, nadhani ningenyamaza. Shukrani ile ndiyo iliyonishinda. Nilimkatiza katikati ya sala, jambo ambalo sijawahi kuliona likifanywa hapa wala kanisani.

“Mama, usishukuru kwa hilo. Nimeliharibu.”

Alifumbua macho. Nilimwonyesha kibandiko, nikamweleza kwa sentensi mbili. Hakuniuliza kwa nini. Alisema, “Amina tutaisema tukirudi. Wodi gani?”

Alipanda ngazi mbili mbili, mtu wa miaka hamsini na tisa, mimi nikiwa nyuma yake. Tulimkuta muuguzi akiandaa sindano ya kuzuia maambukizi, ya dawa ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko. Ilikuwa bado kwenye sinia. Mzee alikuwa ameulizwa, na alijibu kwamba zamani dawa moja ilitaka kumwondoa duniani, ila jina lake halikumbuki. Muuguzi alikuwa ameangalia juu ya jalada, akaliona jeupe, safi, jipya. Dawa ikabadilishwa, na upasuaji ukafanyika kwa heri.

Tuliporudi masijala, foleni ilikuwa ikigonga kioo. Mama aliomba radhi dirishani, akarudi kati ya rafu na kumalizia sala yake. Alishukuru kwa kinywa kilichofunguka mapema. Kisha akanichukua hadi ofisi ya katibu, tukaeleza wote wawili, yeye akiongeza kwamba aliyepaswa kukagua kazi yangu ni yeye, na hakukagua. Nilipata barua ya onyo. Yeye pia aliomba ya kwake, akapewa, na imo katika jalada lake la utumishi, ya pekee kwa miaka thelathini na minne. Tangu siku hiyo hakuna jalada la zamani linalotupwa kabla ya watu wawili kulikagua.

Hakuishia hapo. Fundi seremala alipopata nafuu, Mama alisema ni haki yake kujua, akanisindikiza hadi kitandani kwake. Nilieleza nikitazama sakafu.

“Kwa hiyo ni wewe uliyetaka kunitanguliza, mjukuu wangu,” mzee alisema. “Mimi niliwahi kumtengenezea mtu mlango usioingia kwenye fremu. Lakini nilimwambia kabla hajaubeba. Umenisikia? Kabla hajaubeba.”

Nilimsikia. Barua yangu ya kuthibitishwa ilichelewa miezi mitatu, ikaja. Mwezi uliopita niliweka karatasi za vipimo vya mgonjwa mmoja katika jalada la mwingine, na nilijua kosa langu saa sita mchana. Saa sita na dakika mbili Mama alikuwa ameshajua.

Mama Asante, ofisi nzima inakushukuru kwa utumishi wako, na Kobe ameahidi kukufikisha nyumbani siku hiyo kabla giza halijaingia. Mungu akupe asubuhi nyingi zisizo na haraka, wewe na mumeo, watoto na wajukuu. Mimi bado mwoga kama siku uliyonipokea. Ila siku hizi naogopa nikiwa njiani kwenda kusema.