Vidonge Viwili Kwenye Hekalu la Greenwich

Jina la Bwana na litukuzwe, ndugu zangu. Naitwa Rehema, wengi wenu mnaniita Mama Neema. Nasali nanyi hapa Stratford, huu ni mwaka wa tisa. Leo nimemwomba mchungaji dakika chache, naye amenipa, ingawa hajui ninachotaka kusema. Naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Mnakumbuka mwaka juzi mliniombea mgongo. Mlifunga siku tatu kwa ajili yangu. Akina mama walikuja nyumbani wakanipikia, wakanifulia, wakanisugulia mpaka sakafu ya jikoni. Niliwaambia nimeacha kazi kwa sababu ya mgongo. Mgongo ulikuwa unauma, hilo ni kweli. Lakini sikuacha kazi. Nilifukuzwa, kwa sababu niliiba dawa za mgonjwa.

Nitaeleza ilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa Mufindi. Tangu nifike London kazi yangu ilikuwa moja, kutunza wazee. Niliipenda. Nilijua nani anakunywa chai bila sukari, nani hataki kuguswa bega la kushoto, nani analia Jumapili kwa sababu watoto wake huwa wanakuja Jumapili na siku hiyo hawakuja. Nikapanda mpaka nikawa msimamizi wa zamu, yule anayeshika funguo za kabati la dawa na kusaini kwenye chati kwamba kila mzee amepewa dawa yake.

Siku moja tulikuwa tunamhamisha mzee kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Aliteleza, nikamdaka, na mimi nikasikia kiuno kimeachia. Daktari akanipa vidonge vya kodeini. Ndugu zangu, vilifanya kazi. Maumivu yaliondoka, na yaliondoka na mengine ambayo sikumwambia daktari: uchovu, upweke, mawazo ya marehemu mume wangu. Nilikuwa nikimeza, baada ya nusu saa dunia yote inakuwa laini. Sikuwa nimepumzika hivyo tangu nimzike, na nusu yangu ikazikwa naye, kama mnavyojua.

Miezi ikapita. Daktari akasema sasa tupunguze. Nikaitikia, kisha nikaanza kuzunguka maduka ya dawa. Leo Stratford, kesho Forest Gate, keshokutwa Ilford, maana kuna zile hafifu unazoweza kuuziwa bila cheti. Mfamasia ananiuliza kama nimezitumia karibuni, namjibu hapana, huku natabasamu. Kisha nakuja hapa kanisani naongoza maombi ya akina mama. Mikono hii hii niliyokuwa nawawekea kichwani ilikuwa inatetemeka, nanyi mkadhani ni upako.

Kule kazini tulikuwa na bibi mmoja, nitamwita Doreen. Nyonga yake ilikuwa imeisha. Alikuwa anapewa vidonge viwili vikali asubuhi na viwili mchana. Nikaanza kumpa kimoja, kingine natia mfukoni, na kwenye chati nasaini viwili. Nilifanya hivyo wiki tatu. Mchana mmoja nilimkuta amekunja uso, ameshika pembe ya meza kwa mikono yote miwili. Akaniuliza kwa upole, "Mpenzi, hivi nimeshakunywa dawa zangu?" Nikamwambia, "Ndiyo, Doreen, umekunywa." Akasema, "Basi ni uzee." Nikakaa naye, nikamshika mkono. Akanishukuru, akasema mimi ndiye pekee ninayekaa naye.

Ningependa kuwaambia kwamba siku hiyo niliacha. Sikuacha. Kesho yake nilichukua tena.

Hesabu ya vidonge ilipokataa, meneja akamsimamisha kazi mwenzangu mmoja wa Ghana, Abena, kwa kuwa alikuwa mgeni na zamu zake nyingi tulikuwa pamoja. Nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo anakunja sare yake anaitia kwenye mfuko wa plastiki. Akaniambia, "Dada Rehema, wewe unanijua. Waambie." Nikamjibu, "Nitazungumza nao." Nikaenda nyumbani, nikameza kile kidonge cha Doreen, nikalala.

Siku mbili zilipita hivyo. Siku ya tatu binti yangu Neema alikuwa anatafuta chaja kwenye mkoba wangu wa kazini, akakutana na vidonge vimefungwa kwenye karatasi ya tishu. Neema, kama watoto wengi wa hapa, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Siku ile aliniuliza kwa Kiswahili. "Mama, dawa hizi ni za nani?" Nikashindwa kudanganya. Asubuhi yake akanisindikiza mpaka mlangoni pa ofisi ya meneja, akakaa nje kwenye kiti cha wageni mpaka nilipomaliza.

Abena alirudishwa kazini. Mimi nilihojiwa na polisi, nikapewa onyo la maandishi, na jina langu likaingizwa kwenye orodha ya watu wasioruhusiwa kutunza wazee. Sitaifanya tena kazi ile katika nchi hii. Ilikuwa haki. Nikapelekwa kliniki ya waraibu, nikaacha vidonge polepole, kwa jasho, kwa kutapika, kwa kuharisha, nisiwafiche. Baadaye, nilipopata nafuu, nikapata kazi ya kupanga nguo kwenye stoo ya duka moja pale kituo cha maduka. Na kwenu, nikiwa bado naugulia nyumbani, nilikuwa nimeleta ombi la mgongo. Mliomba kwa imani, ndugu zangu, mkiombea jambo nililowadanganya.

Muuguzi wa kliniki aliniambia nitembee kila siku. Sikutembea. Aliyenitoa ndani ni jirani yangu Salma, mtu wa Pemba, dereva wa basi. Salma anakimbia bustanini na hijabu yake kabla ya zamu ya mchana. Siku moja aligonga mlango akanitazama, akasema, "Dada Rehema, umekaa ndani kama mtu wa eda. Mume si ameshakufa miaka minne? Vaa viatu." Nikamwambia mgongo. Akasema, "Mgongo uje nao."

Tulianza kwa kutembea. Kutoka nguzo ya taa mpaka nguzo ya taa tunakimbia, inayofuata tunatembea. Baada ya miezi nikawa nakimbia nusu saa bila kusimama, mimi mwenye miaka hamsini na moja. Mwili ukaanza kuchoka kwa njia ya halali. Nikaanza kulala. Salma hakuniuliza kitu, nami nilimwambia kile kile nilichowaambia ninyi, mgongo.

Mwaka huu akatuandikisha mbio ndefu, kilomita ishirini na moja, katika bustani ya Greenwich. Mizunguko saba, na kila mzunguko unapanda kilima. Karatasi ya mbio ilieleza kwamba njia inapita mahali palipokuwa na hekalu la Warumi wa kale. Nilipolitaja hapa kanisani, mzee wetu mmoja, naye yupo leo, mzee unisamehe, alinivuta pembeni akasema, "Mama Neema, usiende kukanyaga madhabahu ya miungu. Utaleta kitu nyumbani." Nilijiambia moyoni kwamba kitu kilishaingia nyumbani kwangu zamani, nacho hakikutoka kwa Warumi.

Hekalu lenyewe, ukilitafuta kwa macho ya filamu, hulioni. Ni mwinuko wa nyasi kati ya miti. Kuna uzio mfupi wa chuma, ndani yake kipande cha sakafu ya vijiwe vyekundu, si kikubwa kuliko zulia la sebuleni, na kibao cha maelezo. Basi. Watu walileta pale mbuzi zao na shida zao, wakainama, wakaondoka. Leo mbwa wanapita. Mzunguko wa kwanza nilipita bila hata kugeuza shingo.

Mizunguko minne ilikwenda vizuri. Salma alikuwa nyuma yangu kidogo, siku hiyo magoti yalimsumbua. Mzunguko wa tano, nikiwa nashuka kuelekea kwenye ule mwinuko, kiuno kikakaza. Si kuuma kwa kuchoka, ni kule kuuma kwa zamani, kama mtu anakuvuta mshipa kwa ndoano. Nikayumba mpaka kwenye uzio wa hekalu, nikaushika, nikateremka nikakaa kwenye nyasi.

Mama mmoja wa Kiingereza, mkimbiaji, mtu wa makamo kama mimi, akasimama. Akaniuliza panauma wapi. Nikamwonyesha. Akafungua kijimkoba chake cha kiunoni, akatoa vidonge viwili, akaniwekea kiganjani, akanipa na chupa yake ya maji. "Ni vikali," akasema, "lakini vitakufikisha."

Nilivijua kabla hajasema. Nilijua umbo lake, nilijua ule mstari katikati. Nilikuwa na miezi kumi na minne bila kuonja hata kimoja.

Ndugu zangu, wengine mkisimama hapa mnasema mlisikia sauti, mliona nuru. Nawaamini. Mimi sikusikia kitu. Nilisikia viatu vya watu vinapita. Mate yalinijaa mdomoni kama mtu aliyenusa chakula. Niliomba, na maombi yangu yalikuwa mafupi. Sikusema Bwana niondolee tamaa hii. Nilisema, "Bwana, nazitaka dawa hizi." Nilikuwa sijawahi kumwambia hivyo. Miezi yote ile nilikuwa namshukuru kwa kunifungua, kwa maneno mazuri, na sikuwa nimewahi kumwambia kwamba kila nikipita duka la dawa bado nazitaka.

Nilipokwisha kumwambia Bwana, mdomo ulifunguka wenyewe. Nikamwambia yule mama, "Siwezi kumeza dawa hizi. Mimi ni mraibu. Niliziiba kwa bibi kizee niliyekuwa namtunza." Nilisema hivyo, kwa mtu nisiyemjua, nimekaa chini na namba ya mbio kifuani.

Akavichukua kiganjani mwangu, kimoja kimoja, akavirudisha mkobani, akafunga zipu. Akauliza, "Muda gani?" Nikamwambia miezi kumi na minne. Akasema, "Haya, lala chali, nikunyooshe huo mguu." Akapiga magoti kwenye nyasi, mbio zake zikimpita, akaninyoosha mguu mmoja, kisha wa pili, mpaka kiuno kikalegea.

Nilipoinua kichwa, Salma amesimama pale kwenye kibao cha maelezo, mikono magotini, anahema. Alikuwa amesikia yote. Nikasema, "Salma, nilikudanganya." Akafuta jasho kwa pembe ya hijabu. "Tutayasema tukimaliza," akasema. "Sasa inuka, maana mimi peke yangu sifiki."

Tulitembea mizunguko iliyobaki. Yule mama tulimpungia mkono akaenda zake, hata jina sikumuuliza. Nilimweleza Salma yote, hatua kwa hatua, kilima kwa kilima, Doreen na Abena na ile tishu. Tulipofika mwisho, waandaaji walikuwa wameshaanza kukunja hema. Neema alikuwa bado anasubiri. Akatuvalisha medali sisi wawili kwa mikono yake.

Baada ya hapo nilimwandikia Abena barua ya kuomba radhi. Hajajibu, na hana deni la kunijibu. Doreen alifariki majira ya baridi, kabla sijapata ujasiri wa kumwandikia. Hilo nitakwenda nalo mbele za Mungu. Mgongo wangu bado unauma nikikaa vibaya. Na jana nilipita mbele ya duka la dawa, nikazitaka, nikamwambia Bwana, nikaendelea na safari yangu.

Huo ndio wokovu wangu, ndugu zangu. Namshukuru Mungu ambaye hakungoja niwe safi ndipo anisikilize. Namshukuru binti yangu. Namshukuru Salma, ambaye leo amekuja, yule pale mstari wa nyuma, mkaribisheni chai. Na ninyi nawaomba radhi kwa zile siku tatu za kufunga. Ombeni tena, safari hii mkijua mnaombea nini.

Kama kuna mmoja humu ana kitu mfukoni ambacho hakuna anayekijua, iwe kidonge, iwe chupa, iwe chochote, mwambie Bwana jinsi kilivyo, usikipambe. Hatashtuka. Halafu tafuta mtu mmoja umwambie. Ibada ikiisha mimi nitakuwa kule kwenye mlango wa jikoni, naosha vikombe. Njoo uchukue kitambaa, unisaidie kufuta. Sitakuuliza kitu mpaka uanze mwenyewe.

Amina.